Mistari Kumi na Mmoja ya Kusa

Ruse, 4 Machi

Mheshimiwa Mhandisi Karastoyanov,

Hatujuani. Naitwa Snezhina Palazova, natunza programu za mashine katika kiwanda cha soksi hapa Ruse. Mashine zetu za kufuma ni kuukuu, na kompyuta zinazoziendesha zina uwezo mdogo kuliko simu ya mwanangu. Kihariri pekee, yaani programu ya kuandikia, kinachofunguka ndani yake bila kukohoa ni Kusa, programu uliyoiandika na kuigawa bure miaka ishirini na sita iliyopita, chanzo chake, yaani mistari iliyoiunda, kikiwa wazi kwa yeyote atakaye kukisoma. Kwa hilo nakushukuru, wala sisemi kwa adabu tu.

Shida ni hii. Kusa ina hali mbili. Katika hali ya kuandika, kitufe cha herufi huandika herufi. Katika hali ya amri, kitufe kile kile hufanya kazi: kimoja hukata mstari, kingine huuhamisha, kingine hurudia kilichotangulia. Na hakuna kitu chochote kwenye skrini kinachomwambia mtu yuko katika hali ipi.

Jumanne iliyopita fundi wetu Galya alifungua faili la mchoro wa soksi za watoto ili aongeze maelezo ya rangi. Aliandika maelezo yote huku akinisimulia harusi ya mpwa wake. Alipoinua macho, mchoro haukuwapo.

"Dada, soksi zangu zimeenda wapi?"

"Ulikuwa hali gani?"

"Hali yangu nzuri, mgongo tu."

Msimamizi akasema, "Hiyo programu imeandikwa na mtu asiyependa watu." Nilikutetea, japo si kwa nguvu sana.

Naambatanisha mistari kumi na mmoja. Kazi yake ni kuandika neno moja chini ya skrini: ANDIKA au AMRI. Basi.

Na swali moja, ambalo watumiaji wenzangu mia tatu hawathubutu kuliuliza. Una miaka sabini na mitatu, na ufunguo wa kutolea matoleo mapya unao wewe peke yako. Siku usipokuwapo, Kusa itatunzwa na nani?

Kwa heshima,
Snezhina Palazova


Gabrovo, 6 Machi

Bi. Palazova,

Barua yako ina makosa mawili ya nukta na moja la busara. Ya nukta nimeyasahihisha katika nakala yangu.

Hapa Gabrovo mababu zetu walimkata paka mkia ili wakati wa baridi mlango ufungwe upesi anapopita, moto usipotee. Watu wa miji mingine huicheka habari hiyo. Sisi hatucheki, tunaangalia kama mlango umefungwa. Kusa maana yake ni huyo paka aliyekatwa mkia. Ina mistari elfu tano. Haijawahi kuwa na elfu tano na mmoja, wala haitakuwa nayo nikiwa hai. Kanuni imeandikwa mahali ambapo hata msimamizi wako angeiona: anayeongeza mistari kumi na mmoja, akate kumi na mmoja. Wewe umeleta mkia bila kisu.

Hata ungeleta kisu, ningekataa. Mtu asiyejua yuko katika hali ipi hana haki ya kugusa kibodi. Dirisha langu linatazama mto Yantra. Miaka ishirini na sita nimeandika macho yangu yakiwa kwa bata, si kwenye skrini. Mkono unajua. Anayehitaji kuandikiwa AMRI chini ya skrini atahitaji pia kuandikiwa MGUU WA KUSHOTO anaposhuka ngazi. Huyo Galya mpe ufagio, na umwonyeshe upande wa kushika.

Swali lako la mwisho hunijia kila mwaka, kwa kawaida kutoka kwa watu wasioweza kufunga sentensi. Sijafa. Nikifa, mtajua kwa ukimya.

Zlatomir Karastoyanov


Ruse, 11 Machi

Mhandisi,

Nimepata kisu.

Nimeisoma Kusa yote, mstari kwa mstari, jioni nne mfululizo. Ni kazi safi. Sijapata kusoma programu ambayo kila neno limesimama kazini kama askari wa zamu. Isipokuwa mahali pamoja. Mtu akiifungua Kusa bila kutaja faili, hutokea ukurasa wa salamu: jina lako, mwaka, neno Gabrovo, na paka aliyechorwa kwa nukta na mikwaju, bila mkia. Ukurasa huo haukati kitu, hauhamishi kitu, hauhifadhi kitu. Upo tu ili usomwe.

Nimeihesabu mistari yake. Ni kumi na mmoja.

Kumbe paka anao mkia, Mhandisi, ila ameukalia.

Galya anakusalimu. Anasema ufagio anao tangu zamani, na kama una mahali panapohitaji kufagiwa yuko tayari kuja.

Snezhina Palazova


Gabrovo, 13 Machi

Bi. Palazova,

Jina la mwenye nyumba mlangoni si mkia wa nyumba. Wapangaji wa siku hizi hupewa chumba bure, na kesho yake huja na bisibisi kung'oa kibao.

Nimeijaribu mistari yako kwenye mashine yangu ili nijue kwa hakika ninachokidharau. Imekataliwa.

Nakuomba usiniandikie tena mpaka uwe na jambo la kusema.

Z. Karastoyanov


Ruse, 2 Aprili

Mhandisi,

Nina jambo la kusema.

Kwa kuwa chanzo cha Kusa ni huria, na leseni uliyoiandika mwenyewe inaruhusu, nimechukua nakala yake na kuanzisha programu yangu. Ina mistari elfu tano na kumi na mmoja. Nimeiita Opashka, yaani Mkia, ili usije ukachoka kukisia ni nani aliyenitia hamasa. Jana niliwatangazia watumiaji. Hadi leo mchana watu arubaini wamehama.

Katika tangazo niliandika kwamba umeikalia Kusa kama kuku aliyelalia jiwe. Nakuandikia mwenyewe ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Mtu mzima hasemwi kisogoni.

Ningependa zaidi kutohama. Lakini nyumba ambayo mwenyewe hataki kusema nani atarithi ufunguo haikaliki, hata iwe safi namna gani.

S. Palazova


Gabrovo, 8 Mei

Bi. Palazova,

Kondoo ameliwa. Dada yangu Donka alikuwa ameweka sahani ya tatu mezani. Saa nane aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Zlatko, huyo mgeni wako ana miguu au hana?" Nikamwambia nyamaza ule. Tumekula wawili nyama ya watu watatu, nasi si watu wa kula hivyo.

Nilichotaka kusema nilikisema mara moja, mwezi Aprili. Watu wa hapa hatutumii maneno yale yale mara mbili. Wewe ukachagua kukaa kimya. Nilidhani nimekutana na mtu mjeuri, na ujeuri nauelewa. Kumbe nimekutana na mtu asiye na malezi, na hilo sina dawa yake.

Jambo la pili. Toleo la kumi na nne la Kusa, nililolitoa tarehe 22 Aprili, lina jedwali la amri lililoharibika. Mistari arubaini imekatwa, mingine imehamishwa mahali pasipo pake. Watu wanabonyeza kitufe cha kufuta herufi moja na ukurasa mzima unaondoka. Nimeandikiwa matusi na watu ambao hawakuwa wamezaliwa nilipoianza kazi hii. Sasa, mimi sikosei. Mtu mwingine pekee ambaye kazi yake imepita kwenye mashine yangu mwaka huu ni wewe, mwenye kisu na mwenye Mkia wa kuuza. Sihitaji kuongeza neno.

Z. Karastoyanov


Ruse, 11 Mei

Mhandisi,

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikampa mume wangu aisome, naye akauliza kama unakunywa.

Kondoo gani? Sahani gani? Barua yako ya mwisho niliyoipata ni ya tarehe 13 Machi, nayo ilinikataza kuandika. Mwezi Aprili hukuniambia neno. Kama kulikuwa na kondoo wa sikukuu ya Mtakatifu Georgi, hakuna aliyenialika, na mimi siendi kula kwa watu kwa kufuata harufu.

Kuhusu jedwali: mimi sili kwa wizi. Nilipotaka kuondoka na watu wako niliondoka mchana, nikakuandikia. Kama ningetaka kuharibu, usingekuwa na haja ya kubahatisha.

Lakini hebu tufuate kanuni, kwa kuwa ulizitunga wewe. Kusa huandika kila kitufe kinachobonyezwa katika daftari lake la vitufe, ili umeme ukikatika kazi iweze kurudishwa. Na katika maelezo ya Kusa umeandika kwa herufi kubwa: anayelalamika, alete daftari. Umewarudisha watu wangapi kwa sentensi hiyo? Mimi mmoja wao, mwaka wangu wa kwanza. Sasa wewe ndiwe unayelalamika. Leta daftari la siku ulipoliandaa toleo.

Isije ikawa umemwajiri Galya bila kutuambia.

S. Palazova


Gabrovo, 14 Mei

Bi. Palazova,

Daftari ni hili hapa, limeambatanishwa, la tarehe 21 Aprili, tangu nilipowasha mashine hadi nilipoizima. Sijalisoma. Mtu aliyeandika kwa usahihi hana haja ya kujisoma. Lisome wewe, utafute ndani yake kosa la mkono wangu, na usipolipata, uwe na adabu ya kuwaandikia wale mia tatu kwamba umenisingizia.

Ama kuhusu madai kwamba barua yangu haikufika: barua zangu nikizihifadhi na kuzifunga huondoka zenyewe. Hazijawahi kupotea. Watu ndio hupoteza barua, hasa zile zisizowapendeza.

Z. Karastoyanov


Ruse, 18 Mei

Mhandisi,

Nimelisoma daftari. Naomba ukae chini kabla hujaendelea.

Asubuhi ya tarehe 21 ulilifungua jedwali la amri, ukalikagua, ukaliacha wazi. Saa nne na dakika kumi ulifungua karatasi mpya ya barua pembeni yake. Kisha ukarudi kwenye jedwali mara moja, labda kuangalia jambo. Hukutoka tena humo. Wala hukubonyeza kitufe cha kuingia hali ya kuandika. Ulianza kuandika barua ukiwa ndani ya jedwali, katika hali ya amri, na nadhani najua macho yako yalikuwa wapi.

Kwa hiyo barua haikuandikwa. Ilitendeka. Salamu yako ilikata mistari minne. Neno daktari lilihamisha sehemu nzima ya chini kuipeleka juu. Ulipofika mwisho ulihifadhi na kufunga, kama kawaida yako, na kesho yake ukatoa toleo la kumi na nne. Karatasi ya barua ilibaki tupu, na karatasi tupu haiondoki.

Lakini daftari halijali hali. Limeandika kila kitufe kwa mpangilio wake. Nimekinakili kimoja baada ya kingine, na sikulazimika kusahihisha hata nukta. Nakurudishia barua yako, kwa kuwa uliniandikia na mimi ndiyo kwanza naipata:

"Bi. Palazova, kuku amelalia jiwe, hilo ni kweli, na tamathali yenyewe si mbaya. Nimeisoma mistari yako kumi na mmoja mara nne nikitafuta kosa. Sikulipata. Jambo hilo limeniudhi kwa wiki mbili. Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mwezi Januari niliingia jikoni na kinu cha kahawa mkononi, nikasimama, nisijue nimekuja kusaga au nimekwisha kusaga. Donka alicheka. Mwezi Februari alikuwa hacheki tena, akanipeleka kwa daktari. Daktari ni kijana anayesema 'tutaona' kila anapokuwa amekwisha kuona. Ni mishipa midogo ya kichwa. Haitapona, itakwenda polepole ikiwa na adabu. Uliposema mtu haoni yuko katika hali ipi, nilidhani kuna mtu amekuambia. Mkono haujui tena, Bi. Palazova. Mara mbili mwaka huu nimeandika maneno mahali pa amri, na mara zote mbili nilirekebisha kabla mtu hajaona, kama mzee anayefua shuka zake mwenyewe. Nilikukataa kwa sababu neno lile chini ya skrini lingekuwa limeandikwa kwa ajili yangu. Watu mia tatu wangelisoma. Nimewarudisha watu wengi kwa miaka ishirini na sita, wengi wao wajinga kweli, wengine sivyo. Wewe si mjinga. Una kiburi na nukta zako ni mbaya, lakini umeisoma Kusa yote, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya, hata waliojifanya. Njoo Gabrovo tarehe 6 Mei, siku ya Mtakatifu Georgi. Donka atachoma kondoo. Nitakukabidhi ufunguo wa matoleo mkononi, kwa kuwa vitu vya namna hiyo havitumwi. Usipokuja nitaelewa, wala sitaomba tena. Samahani kwa yale ya ufagio. Zlatomir Karastoyanov."

Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulingoja, mimi nilikuwa hapa nikiwaambia watu kwamba huna moyo. Sahani ya tatu sikuiona, lakini tangu jana naiona kila nikikaa kula.

Opashka nimeifunga leo asubuhi. Sikuwaambia watumiaji sababu, nimesema tu kwamba nilikosea hesabu. Galya naye sijamwambia kitu. Akijua atakutumia soksi, na hilo hulistahili bado.

Jumamosi tarehe 25 nitapanda treni ya asubuhi na kubadilisha treni mjini Gorna Oryahovitsa. Kondoo siulizi. Ukinikataza, kataza kwa barua, na utazame skrini unapoiandika.

Snezhina


Gabrovo, 24 Mei

Snezhina,

Leo ni siku ya herufi, sikukuu ya alfabeti yetu. Tangu asubuhi wanafunzi wanapita chini ya dirisha na maua na bendera, wakiimba kwa sauti mbaya na matamshi mabaya zaidi. Donka amenifungulia dirisha makusudi.

Barua uliyoninakilia nimeisoma. Inaudhi kuona mtu umesema ukweli bila kukusudia kuusema mbele ya watu, lakini sentensi zake zimesimama vizuri, siwezi kuikana. Nilikuandikia kwamba sikulisoma daftari kwa sababu sikosei. Sikulisoma kwa sababu niliogopa. Niliipa hofu jina la dharau. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa muda mrefu, na jina hilo lilinikaa vizuri.

Toleo la kumi na tano limetoka saa tatu asubuhi hii. Jedwali limerudi kama lilivyokuwa. Mistari yako kumi na mmoja imeingia bila kuguswa, isipokuwa nukta moja. Ili kanuni isivunjwe nimekata mingine kumi na mmoja: jina, mwaka, mji, paka. Niliikata mwenyewe, mmoja mmoja, nikiwa katika hali ya amri na macho yakiwa kwenye skrini. Bata walijiangalia wenyewe. Ukikuta mahali pale patupu, usiweke jina lako. Pakiwekwa jina patahitaji mtu wa kulilinda.

Ufunguo uko ndani ya kopo la chai ya mlimani, rafu ya pili, jikoni. Nakuandikia mahali ulipowekwa kwa sababu kesho naweza kukuuliza umekuja kufanya nini. Nikikuuliza, jibu mara moja, kwa sauti, bila huruma. Kisha chukua kopo.

Mwambie Galya ufagio nimeuchukua mimi. Na hizo soksi, kama zipo, mguu wangu ni namba arubaini na mbili.

Treni ya Gorna Oryahovitsa huchelewa. Donka ameambiwa saa nane, atapika saa tisa.

Nilipoifungua Kusa leo ili nikuandikie, hapakuwa na salamu wala jina la mtu. Chini ya skrini palikuwa na neno moja, AMRI. Nililitazama kwa muda. Nikabonyeza kitufe, likawa ANDIKA. Ndipo nikaanza.

Zlatomir